Mimea itambaayo ukutani: faida na tahadhari

Huko Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kiangazi hushika kati ya Desemba na Machi, na jua la alasiri huchoma kuta zielekeazo magharibi. Mmea utambaao huukinga ukuta, na chumba hupungua joto. Pasheni hufaa zaidi, kwani huishi miaka kadhaa na hubaki na majani ikimwagiliwa maji. Dodoki hukua upesi wakati wa mvua na hutoa nyuzi za kuogea, lakini hunyauka msimu ukiisha, kivuli kinapohitajika.

Hata hivyo, nyumba nyingi ni za udongo au matofali mabichi. Mmea ukiugandamia ukuta wa aina hiyo, upepo haupiti, unyevu hukaa na udongo hulainika. Majani nayo huficha njia za mchwa wanaopanda kuelekea paani. Kwa hiyo, fito husimikwa hatua moja kutoka ukutani, maji ya kumwagilia huzuiwa yasifike kwenye msingi, na matawi hukatwa kabla ya kufikia paa, hasa likiwa la nyasi.