Damu inayoganda: kutoka ng'ombe wa Wisconsin hadi stenti ya moyo

Bandugu, historia hii ya moyo inaanzia shambani, kwetu sisi wa agronomia.

Miaka ya 1920, Amerika ya Kaskazini, ng'ombe walikuwa wanakufa kwa kutoka damu bila kukoma, juu walikula majani ya meliloti yaliyooza na kushika ukungu. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin akamuletea Karl Paul Link, mtaalamu wa kemia chuoni Madison, ng'ombe aliyekufa na damu isiyoganda. Utafiti ule njo ulizaa warfarini: mwaka 1948 ilikuwa sumu ya panya, 1954 ikawa dawa ya watu.

Mwaka 1986 Jacques Puel kule Toulouse na Ulrich Sigwart kule Lausanne waliweka stenti za kwanza, ni kusema kibomba cha wavu wa chuma kinachofungua mshipa wa moyo. Lakini damu iliganda ndani yake: katika ripoti ya 1991, kwa wagonjwa 105 wa kwanza, karibu robo ya stenti ziliziba. Waganga wakategemea dawa za familia ya warfarini. Mwaka 1996, Munich, wagonjwa 517 walilinganishwa: kwa dawa hizo mshipa uliziba kwa asilimia 5.4, kwa aspirini na tiklopidini, 0.8 tu. Juu gani? Chembe ndogo za damu njo zinaanza kushikamana kwenye chuma, na warfarini haizigusi.

Hatari inaongezeka stenti ikiwa haikufunguka vizuri, ikiwa ndefu, mshipa ukiwa mwembamba, mgonjwa akiwa na kisukari au figo mbovu. Ila kubwa kupita zote ni kuacha vidonge mbele ya wakati, mbele mwili haujafunika chuma.

Hapo njo kunatugusa. Mtu wa Kamango anaweza kutibiwa Kampala, kwenye taasisi ya moyo ya Mulago, arudi kwa Nobili na vidonge vya mwezi mmoja. Franka zikiisha, ao vita ikimkimbiza, vidonge vinabaki nyumba. Anajisikia muzuri, anafikiri amepona.

Kama una mzazi mwenye stenti, uliza munganga: vidonge hivi ni vya miezi mingapi? Weka akiba pamoja na karatasi zake za hospitali. Hata akitaka kungolewa jino, asiache mwenyewe. Aseme kwanza kama ana stenti.