Mwanamugimu: jina linaloeleweka

Ukifika Mulago, Kampala, utakuta kitengo cha watoto wenye utapiamlo kinachoitwa Mwanamugimu. Hilo si jina la mfadhili. Limetoka kwenye methali ya Waganda, "Mwanamugimu ava ku ngozi", yaani mtoto mwenye afya anatoka kwenye mbeleko. Mama akisikia tu, anajua kazi ya pale ni nini.

Hospitali ya Mulago ilianza mwaka 1913. Kufikia miaka ya 1950 ilikuwa inapokea watoto wengi wenye unyafuzi: miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi. Madaktari waliwapa maziwa na wengi walipona. Lakini mama alibaki na ujumbe gani? Kwamba huu ni ugonjwa wa hospitali, dawa yake iko kwa daktari. Kumbe shida ilikuwa kwenye sahani ya nyumbani. Mtoto akarudi kula matoke matupu, akaumwa tena.

Mwaka 1965 kikafunguliwa Mwanamugimu, Dk. Derrick Jelliffe akiwa mmoja wa waanzilishi. Pale mama hakukaa kusikiliza hotuba ya protini. Alipika mwenyewe kitobero: matoke au viazi, maharage au karanga, mboga za majani, pengine samaki, vyote vya soko lake. Alimwona mwanawe anapata nguvu kwa chakula, na somo akaondoka nalo.

Kwa nini nawaandikia haya? Kwa sababu sisi wakimbizi bado tunatoka kliniki na bahasha ya dawa imeandikwa "1x3", basi. Mmoja anameza kimoja mara tatu kwa siku, mwingine anameza vitatu kwa mpigo. Wote wamesoma. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili Uganda kwa katiba tangu 2005, lakini mara nyingi anayetafsiri ni mtoto wa shule, na mama anaficha mambo mbele ya mwanawe.

Wafanyakazi wa mashirika, kabla hamjachapa karatasi elfu, mpeni mama mmoja asome, halafu aeleze kwa maneno yake. Akikwama, karatasi ndiyo yenye kosa. Na sisi wagonjwa, tusiitikie "ndiyo, daktari" kwa heshima tu. Tuseme: sijaelewa, nirudilie. Hakuna aibu hapo. Aibu haiui, dawa iliyomezwa vibaya inaua.