Safu ya Lugha: Kikaragosi na mwanasesere

Kijana mmoja ananiandikia kwamba "anachonga vikaragosi" vya mashujaa Spider-Man na Black Panther kwa mikono yake. Kazi hiyo naipenda sana. Yanayonisumbua ni maneno yale mawili. Kikaragosi ni neno lililosafiri: asili yake ni Karagöz, yaani "jicho jeusi", mhusika wa michezo ya vivuli ya Waturuki. Karagöz hajitembezi. Nyuma ya pazia yupo mtu anayemchezesha kwa vijiti na kumsemea, ndiyo maana hata mtawala anayeendeshwa na wengine tunamwita kikaragosi. Shujaa aliyesimama mezani kwa miguu yake, viungo vikikunjika, ni mwanasesere. Najua wavulana hulikwepa neno hilo wakidhani ni la wasichana. Hata kampuni ya vitu vya kuchezea ya Hasbro, ilipomtoa askari wake G.I. Joe huko Marekani mwaka 1964, haikutaka aitwe mwanasesere. Sisi hatuna sababu ya kuona haya. Sanamu nayo yafaa, ila sanamu hatuitazamii ikunje goti.

Sasa "kuchonga". Mchongaji hupunguza: hutoa vipande kwenye gogo hadi umbo libaki, kama Wamakonde na mpingo wao. Kijana wetu huongeza. Hukanda epoksi laini kama udongo, akabandika misuli na barakoa juu ya mwili wa mwanasesere mkuukuu. Huko ni kufinyanga. Akimimina plastiki ya majimaji kwenye kalibu, hapo anasubu. Basi aniandikie tena, safari hii aseme amefinyanga mwanasesere na kumpaka rangi mwenyewe.