Hodi Bila Jina

Waliotunga Modbus mwaka 1979 hawakumshuku mtu. Na wangemshuku nani? Kampuni yao, Modicon ya Marekani, iliuza vidhibiti vya mitambo, visanduku vilivyochukua nafasi ya makabati yaliyojaa relei tangu Dick Morley na wenzake walipounda cha kwanza, kile cha 084, miaka kumi hivi kabla. Sasa visanduku vilitakiwa kuzungumza. Waya wenyewe ulikuwa ndani ya kiwanda, na kiwanda kilikuwa na lango na bawabu.

Lugha waliyovipa ni fupi ajabu. Kuomba kipimo kunahitaji baiti nane tu: nambari ya kifaa (1 hadi 247), nambari ya kazi, pa kuanzia kusoma, idadi, kisha baiti mbili za kuhakikisha ujumbe haujaharibika njiani. Ujumbe umeisha? Utajua kwa kimya, cha muda wa herufi tatu na nusu. Mmoja huuliza, wengine hungoja kuulizwa. Huyo mmoja aliitwa bwana na wengine watumwa, majina ambayo shirika la Modbus liliyaacha mwaka 2020, eti ndio kwanza! Siku hizi ni mteja na mhudumu. Sisi tuliozoea kuambiwa mteja hapatikani inabidi tugeuze kichwa: huku mteja ndiye anayepiga.

Lakini hebu tazama kilichokosekana. Hakuna nywila. Hakuna jina la anayeuliza. Zile baiti mbili za mwisho huangalia kama ujumbe ni mzima, si kama umetoka kwa nani.

Ndiyo maana kuijaribu ni rahisi. Fundi asiye na pampu hufungua programu inayojifanya pampu nambari 17, anachomeka waya, na kidhibiti kinapouliza presha kinajibiwa presha. Hakina njia ya kujua kwamba hapo hakuna hata tone la maji. Fundi anaweza kuharibu makusudi baiti za mwisho aone kama jibu litakataliwa, ama anyamaze tu aone kidhibiti kitangoja hadi lini. Afadhali kigugumizi kijulikane mezani kuliko mtambo ukiwa umewaka na watu wako karibu.

Basi, kinachodanganywa na fundi hudanganywa na yeyote. Mwaka 1999 lugha ileile ilipewa njia ya kupita kwenye mitandao ya kompyuta, bado bila nywila, na bawabu akabaki langoni akilinda waya ambao haukuwa tena njia pekee ya kuingilia. Januari 2024, huko Lviv, Ukraine, wadukuzi walivituma vidhibiti vya joto amri za Modbus. Vikatii. Zaidi ya majengo 600 ya makazi yalikosa joto kwa karibu siku mbili, katikati ya baridi kali.

Ule uigizaji wa fundi nao umepata kazi nyingine. Tangu 2013 kuna Conpot, programu ya bure inayojifanya mtambo na kujibu kwa Modbus, huku ikiandika kila anayebisha hodi na alichotaka.