Mti Ndani ya Jedwali: Historia ya Menyu za Tovuti

Menyu ya tovuti, yaani orodha ya viungo inayomwongoza msomaji kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, ina umbo la mti, kwa kuwa kiungo kikuu huzaa viungo vidogo navyo vikazaa vingine. Hifadhidata nyingi zinazoitunza, hata hivyo, hupanga kila kitu katika majedwali bapa. Mvutano wa maumbo hayo mawili una umri mkubwa kuliko tovuti zenyewe.

Mfumo wa hifadhidata wa IMS, ambao IBM ilianza kuutengeneza mwaka 1966 pamoja na kampuni za Rockwell na Caterpillar ili kuorodhesha vipuri vya mradi wa Apollo, ulihifadhi data kama mti moja kwa moja, na aliyetafuta kipuri alilazimika kuandika programu inayoshuka tawi kwa tawi. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtafiti wa IBM huko San Jose, California, alipendekeza data iwekwe katika majedwali, na mtumiaji ataje anachotaka bila kueleza njia ya kukifikia. Wazo hilo ndilo lililozaa lugha ya SQL, ambayo kwayo huandikwa maulizo, yaani maombi ya data yanayopelekwa kwenye hifadhidata. Ushindi wa majedwali ulistahili, kwani uliwatua watunga programu mzigo mzito. Lakini SQL ya awali haikuwa na kanuni ya pamoja ya kushuka mti ambao kina chake hakijulikani.

Upungufu huo ulijitokeza wazi baada ya 1995, mwaka ambao lugha ya PHP na hifadhidata ya MySQL zilitolewa kwa mara ya kwanza, zikawawezesha watu wengi kujenga tovuti zinazosoma kurasa zake kutoka kwenye jedwali. Njia nyepesi ilikuwa kukipa kila kiungo namba yake na namba ya mzazi wake, kisha kuiuliza hifadhidata watoto wa kila kiungo, kimoja baada ya kingine. Menyu ya viungo 40 iliyojengwa hivyo huhitaji maulizo 41, moja la kuanzia na moja kwa kila kiungo, na kazi hiyo yote hurudiwa kila ukurasa unapofunguliwa. Faharasa, yaani orodha ya kutafutia data haraka, ikiwekwa kwenye safu ya mzazi huharakisha kila ulizo, lakini haipunguzi idadi ya maulizo. Na inafaa kukumbukwa kwamba faharasa yenyewe kwa kawaida ni mti, wa aina iliyobuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight walipokuwa Boeing.

Hapo ndipo ilipodhihirika hoja iliyo kiini cha historia hii: menyu husomwa kila mara na kubadilishwa kwa nadra, hivyo ni busara gharama imwangukie anayeandika, si anayesoma. Joe Celko, mwandishi wa vitabu vya SQL, aliieneza mbinu ya kukipa kila kiungo namba mbili, ya kushoto na ya kulia, ili uzao wake wote upatikane kwa ulizo moja la namba zilizo katikati, ingawa kuongeza kiungo kimoja huweza kulazimisha vingine vingi vihesabiwe upya. Drupal 6, toleo la mfumo wa kujengea na kuendeshea tovuti lililotoka mwaka 2008, ilichagua njia nyingine: jedwali lake la menyu lilikuwa na safu tisa, p1 hadi p9, zilizobeba namba za mababu wote wa kiungo tangu shina hadi chenyewe, kwa hiyo tawi zima lilisomwa kwa mkupuo mmoja. Kiungo kilipohamishwa, safu hizo za uzao wake wote ziliandikwa upya, na menyu haikuweza kupita ngazi tisa. Kwa mhariri wa tovuti, hiyo ilikuwa bei ndogo mno.

Kanuni za SQL za mwaka 1999 zilikwisha kuruhusu maulizo ya kujirudia, yanayoshuka mti yenyewe, lakini hifadhidata ya PostgreSQL iliyapokea mwaka 2009 na MySQL katika toleo la 8.0 la mwaka 2018. Drupal 8, iliyotoka mwaka 2015 huku tovuti zake nyingi zikitegemea MySQL, iliandika upya sehemu kubwa ya programu yake, lakini safu zile tisa ikaziacha mahali pake.