Jicho la Bunduki na Mazigazi ya Hombolo

Makala hii ilianza kwa ubishi. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, anafanya kazi Nairobi. Krismasi iliyopita alikuja Hombolo na katalogi mbili za darubini za bunduki. Huko aliko amejiunga na klabu ya walenga shabaha, wale wanaotoboa karatasi kwa mita 600, 800 hadi 1,000, wala hawawindi mnyama. Anataka bunduki yake ya kwanza ya masafa marefu, na fedha zake zinatosha darubini moja tu. Je, achukue inayovuta mara 25 au inayovuta mara 10? Wiki nzima alikuwa njia panda. Mwishowe akaniuliza mimi, eti kwa sababu nasoma historia.

Bibi alikuwa anachambua mlenda. Akasema bila kuinua kichwa, "Muulize kwanza, hayo macho ya bunduki yalimwona nani hapa Ugogo."

Basi tuanze hapo. Bunduki za kwanza kuenea huku zilikuwa magobore ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, na gobore halina jicho la maana. Ukipita hatua hamsini au sitini unamwombea Mungu tu. Burton na Speke walipita Ugogo mwaka 1857, Stanley akapita 1871, wote wakiwa na bunduki bora kuliko za wenyeji, na wote walilipa hongo kwa watemi. Kwa nini? Kwa sababu visima vilikuwa mikononi mwa Wagogo, na mtu mwenye kiu hasaidiwi na shabaha. Jambo hili vitabu vya shule hulipita haraka mno.

Wakati huohuo, mbali na hapa, watu walikuwa wameshaanza kufunga kioo juu ya bunduki. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, baadhi ya walenga shabaha walitumia darubini ndefu karibu sawa na mtutu wenyewe. Uingereza nako mashindano makubwa ya shabaha yalianza mwaka 1860 pale Wimbledon, Malkia Victoria akipiga risasi ya kwanza kwa bunduki iliyokwisha kufungwa kwenye mhimili na kulengwa tayari. Yeye alivuta uzi tu. Mashindano hayo yalihamia Bisley mwaka 1890, na hadi leo wanaopiga yadi 1,000 pale wamegawanyika: wapo wanaolenga kwa tundu la chuma bila kioo kabisa, na wapo wanaoruhusiwa darubini. Binamu alishangaa sana kusikia hivyo. Alidhani bila kioo mita 900 haziwezekani.

Halafu ikaja vita ya 1914. Askari wengi wa Wajerumani hapa kwetu walikuwa bado na bunduki za muundo wa 1871, zenye baruti ya moshi. Ukifyatua, wingu jeupe linakutangaza ulipo. Sasa darubini ya nini, wakati adui anakuona kwa macho matupu? Ushindi wa Tanga, Novemba 1914, uliwapa mamia ya bunduki za kisasa, bombomu 16 na risasi 600,000 zilizoachwa na Waingereza. Tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho karibu na Rufiji, aliuawa Frederick Selous, mwindaji mashuhuri mwenye umri wa miaka 65. Alikuwa ameinua darubini yake ya macho akiwatafuta wadunguzi. Kioo kilikuwa mkononi mwa aliyekufa.

Na Ugogo je? Majeshi ya van Deventer yaliteremka kutoka Kondoa Irangi na kuitwaa Dodoma tarehe 29 Julai 1916. Lakini ukiwauliza wazee juu ya vita ile, hawakusimulii risasi. Watakusimulia Mtunya. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza wakaja, nao wakachukua vilivyobaki. Mvua zilipokataa hapakuwa na ghala wala zizi la kukimbilia. Inakadiriwa kuwa watu 30,000 walikufa kati ya Wagogo wapatao 150,000, wakati wa njaa ile iliyofikia hadi 1920. Hakuna hata mmoja kati yao aliyelengwa. Mama yake bibi alinusurika kwa kula mizizi, ndiyo maana swali la bibi halikuwa mzaha, na binamu alilijua hilo. Alikunja katalogi zake akakaa kimya muda mrefu.

Nilimwambia sikuwa nasema asinunue. Kutoboa karatasi si dhambi. Nilichoona ni kwamba anauliza swali la mwisho kabla ya la kwanza. Katika vita ya pili Waingereza walifunga kwenye bunduki yao Namba 4 darubini iliyoitwa Namba 32, ambayo awali ilibuniwa kwa bombomu la Bren. Ilivuta kiasi cha mara 3 tu! Lakini ilikuwa na kigurudumu cha kupandisha lengo hadi yadi 1,000.

Kigurudumu hicho ndicho cha kukitazama kwanza. Bunduki ya risasi ya .308 ukiiweka sawa kwa mita 100, kwa mita 1,000 risasi yake itashuka zaidi ya mita 10. Darubini ambayo kigurudumu chake kinaishia njiani haikufai, hata ikikuonyesha inzi juu ya karatasi. Tena irudi palepale unapoirudisha. Mlio mmoja wa kigurudumu cha kawaida husogeza lengo sentimita 1 kwa mita 100, yaani sentimita 10 kwa mita 1,000. Kikidanganya milio mitano tu, umekosa kwa nusu mita na utamlaumu fundi wa risasi. Baada ya hapo ndipo uulize ubora wa kioo, na kama ile misalaba ya ndani inatulia juu ya shabaha unapotikisa kichwa. Kuvuta ni la mwisho.

Hakuamini. Siku ya pili, saa sita mchana, tulikwenda kwenye bwawa la Hombolo, lile la mwaka 1957. Mvua zilikuwa zimechelewa na uwanda ulikuwa unawaka. Alikuwa na darubini yake ya miguu mitatu, inayovuta kuanzia mara 20 hadi 60. Akaielekeza ng'ambo kwenye mtumbwi wa mvuvi. Kwa mara 60 mtumbwi uliyeyuka kabisa: mazigazi yalichemka kama uji, mvuvi akawa hana miguu. Aliporudisha hadi 20, mtu alirudi kuwa mtu. Na hapo tuliona jambo jingine, kwamba yale mawimbi ya joto yalikuwa yanalala kuelekea kushoto. Ule ulikuwa upepo. Upepo mdogo tu wa mita 4 kwa sekunde, ukivuma kutoka ubavuni, unaisogeza risasi zaidi ya mita 2 kabla haijafika mita 1,000.

"Kumbe huyu mvuvi ni mzee jirani yetu," binamu alisema, akaondoa jicho haraka kwenye kioo, kama mtu aliyefumwa anachungulia dirishani.

Mwezi Februari aliniandikia kwamba ameamua ile ya mara 10, yenye kigurudumu kirefu. Fedha iliyobaki atanunulia risasi za mazoezi. Kibali bado anakisubiri.