Meno ya Ng'ombe na Kilometa za Gari

Msimu wa pamba unapofunguliwa Bariadi, wanaongoja malipo si wakulima peke yao. Madalali wa magari nao wanangoja. Wale wa Mwanza huwapigia simu jamaa zao walioko Bariadi, Maswa na Meatu wakiuliza kama fedha zimeanza kutoka, maana wanafahamu kwamba mtu aliyepalilia mwaka mzima, fedha zake zikimfikia kwa mkupuo mmoja, hakawii kuulizia pikapu au gari dogo la kubebea mizigo ya dukani. Leo napenda tuzungumze juu ya bei ya gari lililokwishatumika, na namna mtu wa kwetu anavyoipatana. Lakini ili tuelewane itanibidi nianze mbali kidogo, kwenye mizani ya pamba.

Wakati wa Mwingereza bei ya pamba Usukumani haikupatanwa. Serikali iliitangaza kabla ya msimu, senti kadhaa kwa ratili, na mnunuzi wa huku na mnunuzi wa kule walilipa bei ile ile. Sasa bei ikishafungwa, mtu anayetaka kumpunja mkulima atampunja wapi? Atampunja kwenye uzito. Ndiyo maana manung'uniko makubwa ya wakulima wa Kanda ya Ziwa baada ya vita kuu ya pili yalikuwa juu ya mizani, na mwanzoni mwa miaka ya hamsini wakaanza kuweka watu wao wenyewe wasimame kando ya mizani ya mnunuzi wakisoma mshale. Kutoka hapo vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, likiongozwa na Paul Bomani, ambaye baada ya Uhuru alikuwa Waziri wa Fedha. Watu husimulia habari za ushirika kama habari za siasa, na kweli siasa ilikuwamo. Mimi naziona kwanza kama habari za watu waliotaka kuusoma mshale kwa macho yao.

Jambo la pili lilikuwa daraja. Pamba iliuzwa kwa madaraja mawili, safi na fifi, na kila mtoto wa Bariadi wa umri wangu amewahi kukaa juu ya mkeka akichambua, nyeupe huku, yenye madoa kule. Mama alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko karani yeyote. Fifi ilikuwa na bei yake ndogo, nasi tuliijua kabla hatujatoka nyumbani, na karani naye aliiona kwa macho. Hapakuwa na la kubishania.

Sitaki mtu adhani kwamba mambo yalikuwa mazuri wakati wote. Ushirika wenyewe ulipokwisha kunenepa ulianza kuichezea ile mizani uliyoundwa kuilinda, na mwaka 1966 serikali ililazimika kuunda kamati maalumu ya kuchunguza malalamiko ya wanachama nchi nzima. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, pamba ikanunuliwa na Mamlaka ya Pamba kupitia vijijini. Vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini mkulima aliendelea kukopwa. Kisha katika msimu wa 1994/95 soko likafunguliwa, wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, kila mmoja akiwa na haraka ya kujaza kabla ya mwenzake. Kwa kuwa walikuwa na haraka, hawakuuliza safi wala fifi. Hapa sina budi kusema ukweli hata kama utawaudhi jamaa zangu: tulipoona hawaulizi, tukaacha kuchambua. Wengine wakanyunyizia maji, wengine wakatia mchanga. Sifa ya pamba ya Tanzania kwenye soko la nje ikashuka, na yule aliyeendelea kuchambua alilipwa sawasawa na aliyetia mchanga. Naomba jambo hili likumbukwe, maana tutalirudia tukifika kwenye magari.

Mahali ambapo Msukuma hakupoteza ustadi wa kupatana bei ni mnadani kwa ng'ombe. Hapo hakuna bei iliyotangazwa na mtu. Baba yangu alikuwa akimshika dume taya na kumfunua mdomo wa chini. Ng'ombe akiwa na miaka kama miwili hubadilisha meno mawili ya mbele. Akishatimiza yote manane amekwisha kuwa mtu mzima, na yakianza kulika hafai jembe. Akimaliza meno humtembeza, humtazama kwato, humwuliza mwenyewe sababu ya kumuuza, kisha hutaja bei ya kumchokoza. Mwenye ng'ombe hucheka. Baba huondoka. Huitwa. Jambo hilo liliweza kuchukua nusu siku, na mwishowe walinunuliana togwa. Sikuwahi kumsikia akilalamika kwamba ameibiwa mnadani, kwa sababu alichokiona yeye ndicho alichokiona muuzaji.

Sasa tuje kwenye magari. Katika miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini hapakuwa na bei ya kupatana kwa mtu wa kawaida, kwa sababu hapakuwa na gari lenyewe. Fedha za kigeni zilikuwa haba, uagizaji ulikuwa wa kibali, na magari tuliyoyajua Bariadi yalikuwa ya serikali, ya misheni na malori ya kusombea pamba. Bajeti ya mwaka 1984 ndiyo iliyofungua mlango, iliporuhusu mwenye fedha zake nje ya nchi kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipataje. Baada ya hapo ikaja ruksa ya Mzee Mwinyi, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kushuka bandarini Dar es Salaam, kwanza machache, kisha kama mvua. Japani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na usukani wao uko kulia. Isitoshe, sheria yao inalitaka gari jipya likaguliwe baada ya miaka mitatu na kila miaka miwili tangu hapo, kwa gharama kubwa, hivyo mwenye gari huona heri aliuze lingali zima.

Mjomba wangu alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kijijini kwetu kununua. Ilikuwa mwaka 1996. Aliuza ng'ombe kumi na wanane, akaongeza fedha za pamba, akaenda Mwanza kwenye yadi moja ambayo siku hizi haipo. Alipatana kama anavyopatana mnadani: akacheka, akaondoka, akaitwa, akapunguziwa mara tatu. Alirudi nyumbani amejaa furaha kwa jinsi alivyowabana. Pikapu ilidumu wiki tisa. Fundi alipofungua injini alikuta imekwisha kuchongwa zamani na kufungwa tena kwa vifaa vya kuokoteza, na chini ya rangi ile nzuri ya bluu mlikuwa na puti nene kama ganda la mhogo. Mjomba hakuwahi kurudisha ng'ombe wale, na binamu yangu wa pili akaacha shule mwaka uliofuata. Mzee alichokuwa akikirudia hadi alipofariki ni kwamba hakuelewa alikosea wapi, mbona aliwashusha bei?

Jibu la swali lake lilikuwa limekwisha kuandikwa mwaka 1970 na Mmarekani mmoja, George Akerlof, katika makala ambayo majarida matatu yaliikataa kabla ya la nne kuichapisha, na ambayo mwaka 2001 ilimpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili. Wamarekani huliita gari bovu limau. Alisema hivi: muuzaji anajua kama gari lake ni limau, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hukubali kulipa bei ya katikati tu, ya kujihadhari. Mwenye gari zuri akisikia bei hiyo hulirudisha nyumbani, mwenye limau huifurahia. Taratibu malimau ndiyo yanayobaki sokoni. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka mkeka wa mama, na yule mkulima aliyeacha kuchambua kwa sababu safi na fifi vililipwa bei moja.

Kinachoudhi ni kwamba gari la Japani lina safi na fifi yake. Kwenye minada ya kwao kila gari hukaguliwa na kuandikiwa karatasi yenye alama ya daraja, kilometa lilizotembea na mchoro wa bodi unaoonyesha kila mkwaruzo, na lililopata ajali likatengenezwa hupewa alama ya herufi R. Mwagizaji anaiona karatasi hiyo kabla hajanunua. Sisi tunaofika yadi hatuioni. Tunachopewa ni dashibodi, ambayo kilometa zake zinarudishwa nyuma kwa dakika chache, na namba ya usajili. Hii namba imewapoteza wengi. Siku hizi mtu akikuambia gari lake ni namba E, na la mwenzake ni namba D, bei hutofautiana mamilioni. Lakini herufi ile inakueleza gari limesajiliwa lini Tanzania. Haikuelezi limezaliwa lini. Gari la mwaka 2004 lililoshuka bandarini miaka kumi na mingapi baadaye hupewa herufi ya kijana.

Mwaka juzi zamu ikawa yangu. Nilikwenda yadi Mwanza kutafuta Probox ya kubebea mizigo ya duka la mke wangu Bariadi. Dalali, kijana mchangamfu, akanipokea.

"Karibu mzee wangu. Hii bado mpya kabisa. Milioni kumi na tano na nusu, maongezi yapo."

"Maongezi tutayafanya, mwanangu. Kwanza nionyeshe meno yake."

Hakunielewa. Nilikuwa nimekwenda na fundi wangu, na huyo ndiye aliyeanza kuvuta mikanda ya viti hadi mwisho, maana kwenye kitambulisho chake huwa kuna mwaka wa kutengenezwa. Mkanda mmoja ulikuwa wa miaka tofauti na mingine. Akatazama mpira wa pedali ya breki, uliolika hadi kwenye chuma, na dashibodi ikasema kilometa elfu sitini na nane. Nami kwenye simu nilikuwa nimekwisha kutazama kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato: ushuru wa forodha asilimia 25, ule wa umri wa gari, VAT asilimia 18 na vingine. Ukijumlisha na bei ya Japani na meli, unaijua sakafu ambayo mwagizaji hawezi kushuka chini yake bila hasara. Akishuka, jiulize. Kijana alishuka. Kwa robo saa alitoka kumi na tano na nusu hadi kumi na mbili, na hapo mimi sikuwa nimetaja hata senti. Fundi akaninong'oneza kwamba hata cha juu chake bado kimo. Akataka niache laki tatu za kishika uchumba ili asimpe mtu mwingine.

"Nitakupa," nikamwambia, "ukiniletea karatasi ya mnada ya Japani."

"Hiyo ilibaki Dar, mzee."

Tukaagana vizuri.

Nilinunua Maswa, kwa mwalimu mstaafu niliyeelekezwa na huyo huyo fundi. Gari lake lilikuwa namba C, rangi imepauka, mlango wa nyuma una kovu ambalo alinionyesha mwenyewe kabla sijaliona. Akatoa daftari la shule la kurasa arobaini na nane. Humo alikuwa ameandika, kwa mwandiko wa ubaoni, kila siku aliyobadilisha oili, kilometa zilizosomeka siku hiyo, vifaa alivyonunua na risiti zake zimebanwa kwa pini. Alitaka milioni kumi na mbili na laki sita, zaidi ya alipoishia yule kijana wa yadi. Mke wangu akanitazama. Nikalisoma lile daftari ukurasa kwa ukurasa, mwalimu akaagiza chai, akapunguza laki mbili kwa ajili ya kovu la mlango, nikalipa, na daftari nikaondoka nalo.